Matumbo Sita, Mbele Matatu

Watu wa ufukweni walimwita Bibi Kinyaa, na walimwita hivyo mbele ya uso wake. Akipewa kikombe cha chai alikiinua kwenye mwanga, akakizungusha, akakikagua kama mtu anayenunua mbuzi, ndipo anywe au akirudishe. Akisalimiwa kwa mkono, aliufuta wake kwenye gauni huku aliyemsalimia bado amesimama pale pale.

"Sina ubaya na wewe," alikuwa akisema. "Nina ubaya na ulichoshika."

Wengine huanza biashara na shamba la urithi au mjomba mwenye cheo. Yeye alianza na kichefuchefu. Nyumba aliyozaliwa ilipakana na uwanja wa kuparia samaki, na mlango wa nyuma ulifungukia magamba, damu na nzi. Tangu akiwa msichana hakuweza kupita kreti chafu bila kuiosha. Wachuuzi walipogundua kwamba samaki waliolala kwenye kreti zake hawaozi upesi, wakaanza kumletea za kwao. Akaosha kreti za watu miaka kumi na tisa, mpaka vidole vikakunjamana kama vya mtu aliyeopolewa majini. Mwaka huu akaliuza eneo la kuoshea, pamoja na mabomba na matangi yake, akaaga uvundo, akanunua kayaki tatu, mitumbwi myembamba ya plastiki ya watu wawili wawili: nyekundu, ya kijani na ya bluu.

Mumewe alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Alikuwa nyumbani siku chache kuliko alizokuwa barabarani, jambo lililowafaa wote wawili. Aliposikia habari ya kayaki alicheka kwenye simu, kisha akamtuma mdogo wake aje kusaidia. Huyo shemeji alikuwa fundi mwashi. Mabega yake yalijaa mlango, alitii kila alichoambiwa, na alikuwa na tabia ya kukata kucha za miguu kwa kisu cha matunda. Bibi Kinyaa alimnunulia kisu chake peke yake na kukitia alama nyekundu.

Wateja wa kwanza walikuwa wamepatikana. Muuguzi mkuu wa hospitali alitaka kuja na wenzake watano Jumamosi, wapige makasia kutoka kisiwa hadi kisiwa na kurudi. Bibi Kinyaa aliipanga siku hiyo kwa kuanza na mambo yanayomchukiza. Kisiwa cha Ndege, kilicho karibu zaidi, kilikuwa mwamba uliopakwa kinyesi juu hadi chini kama ukuta uliopigwa chokaa. Hicho kingepitwa asubuhi na mapema, upande unakotoka upepo, kabla jua halijakichemsha. Kisiwa cha Kambi hakingekanyagwa kabisa, maana wavuvi mia mbili waliishi pale bila choo hata kimoja. Chakula kingeliwa Kisiwa cha Mawe, kwenye mabamba makubwa yanayooshwa na mawimbi usiku na mchana. Kuondoka saa kumi na mbili na nusu, kufika Mawe saa tatu, na kurudi kabla ya saa saba, kwa sababu saa saba upepo wa ziwa hili huamka na hasira za mtu aliyekatizwa usingizi.

Mpango ulikuwa mzuri. Ulikosa sahihi moja tu.

Mkaguzi wa vyombo vya majini alikuja ufukweni mara mbili kwa mwaka, na zamu hii ilikuwa Alhamisi ya wiki hiyo, saa nne asubuhi. Asiposaini, kayaki haziruhusiwi kubeba mteja kwa miezi sita. Kwenye gati ya pili, mwenye boti ya injini alikwisha mwambia muuguzi mkuu kwamba yeye yuko tayari wakati wowote. Na eneo la kuoshea kreti lilikuwa na mwenyewe mpya, ambaye alikwisha mtania Bibi Kinyaa kwamba akishindwa na maji arudi, atampa brashi.

Kilichomkosesha raha ni matumbo. Fundi aliyemuuzia kayaki aliita hivyo vile vyumba vya mizigo: kila kayaki ina tumbo la mbele na tumbo la nyuma, yanayofunikwa kwa kifuniko cha mpira. Tumbo likiwa kavu, kayaki huelea hata ikipinduka. Likiingiza maji, kayaki hunywa taratibu mpaka inalala, na walio ndani wanabaki na majaketi yao katikati ya ziwa. Mkaguzi angeangalia hayo kwanza. Bibi Kinyaa alilichukua neno la fundi pamoja na kayaki zake, akalitumia kama vile dunia nzima inalijua.

Jumatano asubuhi alikuwa na safari ya mjini kununua majaketi ya kuokolea. Akamwandikia shemeji orodha. Kwa upande wa karatasi alikuwa mkono wa birika, hakuona sababu ya kutumia mbili, kwa hiyo akabananisha kila kitu kwenye kipande kimoja: "Mikate minne. Ndizi. Maji chupa kumi na mbili. Matumbo sita, yasafishwe, yakaushwe, yafungwe vizuri. Mbele matatu, nyuma matatu. Sabuni ya kipande."

Aliporudi jioni alikuta kayaki zimepangwa mchangani kwa mstari, vifuniko vimebanwa. Shemeji alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakula ndizi.

"Kazi imekwisha, shemeji," alisema.

"Matumbo?"

"Yote sita. Mbele matatu, nyuma matatu, kama ulivyoandika."

"Yamekauka?"

"Niliyaanika mpaka nzi wakakata tamaa."

Hilo la nzi lilimshangaza kidogo, lakini ufukweni nzi hawahitaji mwaliko. "Na umeyafunga?"

"Kwa kamba."

"Kamba ya nini tena?"

"Yasifunguke."

Aliona ni uangalifu uliopitiliza, ila hakuwahi kumgombeza mtu kwa uangalifu uliopitiliza. Akaenda kulala akiwa amemsamehe shemeji hata zile kucha.

Mkaguzi alifika Alhamisi saa nne na robo, na Bibi Kinyaa akamchukia tangu mbali. Alikuwa akitafuna karanga na kutema maganda kwenye mchanga alioufagia. Sikio likamwasha, akalichokonoa kwa kifuniko cha kalamu, akakitazama, akakipuliza, kisha akamnyooshea kalamu hiyo hiyo.

"Mama, andika jina lako hapa."

"Ninayo yangu," alisema, akaitoa kifuani haraka.

Mkaguzi alipima majaketi, akavuta mikanda, akasoma mpango wa siku kuanzia kisiwa cha kwanza hadi cha mwisho. "Upepo umeufikiria," alisema. "Wengi hawaufikirii." Moyo wa Bibi Kinyaa ukatulia. Hapo mkaguzi akapiga goti kwenye kayaki nyekundu, akabandua kifuniko cha mbele na kuchungulia.

Alirudi nyuma kwa makalio. Akatambaa hivyo hivyo mpaka kwenye matete, na huko karanga zote zikarudi zilikotoka.

Harufu ilimfikia Bibi Kinyaa sekunde moja baadaye. Ilikuwa nzito, tamu tamu, yenye kukaa kwenye ulimi. Alijikaza kisabuni, akasogea, akaangalia. Ndani ya tumbo la kayaki lilikuwa limelala tumbo la mbuzi, limeviringishwa nadhifu, limefungwa kwa kamba ya katani, la kijani, na limevimba kwa joto la tangu jana saa sita mchana.

"Shemeji," alisema taratibu. "Hii nini?"

"Matumbo," alisema shemeji. "Sita. Mwenye bucha aliniuliza kama tuna shughuli."

"Na wewe hukujiuliza tunayatia humu ya nini?"

"Nilijiuliza. Nikasema labda chambo. Halafu nikasema wageni wana mambo yao. Nilisafisha, nikakausha, nikafunga. Umeandika mwenyewe, shemeji, chini ya mikate."

Akataka kumtukana, akakumbuka karatasi. Mikate, ndizi, maji, matumbo. Mtu yeyote mwenye akili timamu na asiyejua kayaki angekwenda bucha. Alikuwa amejibania kipande cha karatasi, na kosa lote lilikuwa la mkono wake. Hilo lilimchefua kuliko mbuzi.

Mkaguzi alitoka kwenye matete anajifuta mdomo kwa tai. "Mama, hiki ni chombo cha abiria au ni machinjio? Nimekagua boti zenye panya. Nimekagua boti yenye maiti. Hii, hapana." Akafunga jalada. "Tuonane baada ya miezi sita."

"Bwana mkaguzi, dakika moja."

"Hata nusu."

"Kabla hujafungua, ulisikia harufu yoyote?"

Mkaguzi alisimama. "Nini?"

"Ulipopiga goti pale. Pua yako ilikuwa shibiri moja kutoka kwenye kifuniko. Ulisikia kitu?"

"Sikusikia."

"Nyama imelala humo tangu jana mchana, juani, inachemka kama chungu, na wewe hukusikia kitu mpaka ulipobandua. Sasa niambie, ungepima vipi kifuniko?"

"Ningekimwagia ndoo ya maji, nifungue, niangalie."

"Ndoo moja, dakika mbili. Mimi nimekipima kwa uvundo, usiku kucha." Alisema kwa sauti ya mtu aliyekusudia tangu mwanzo. Nyuma yake shemeji alikohoa; akamkanyaga mguu. "Pasipotoka harufu ile, maji yatapita wapi?"

Mkaguzi akacheka, kicheko kibaya cha mtu mwenye tumbo tupu. "Una ulimi wewe mama. Haya. Hatufungui tena hata kimoja. Tunanusa."

Shemeji akakibana tena kifuniko cha kwanza, nao wakaanza kunusa, watu wazima wawili wameinama juu ya plastiki kama wanaoagana na marehemu. Nyekundu, nyuma: hakuna. Kijani, mbele: hakuna. Kijani, nyuma: hakuna. Bluu, mbele: hakuna. Mkaguzi akashusha pua kwenye tumbo la nyuma la ile ya bluu, akavuta pumzi, akainuka.

"Safi. Sita kwa sita." Akabonyeza kalamu.

Bibi Kinyaa alikuwa bado ameinama. Pua ya mkaguzi ilikwisha jaa uvundo wa kile kifuniko cha kwanza, haikuweza tena kutenganisha. Yake iliweza. Kwenye ukingo wa kifuniko hiki, upande wa kushoto, ulipita uzi mwembamba wa harufu, mtamu, wa kijani, ambao angeutambua hata akiwa usingizini. Tumbo la sita lilikuwa linavuja.

Kalamu ilikwisha gusa karatasi. Alihesabu haraka kama anavyohesabu sokoni. Akinyamaza, anapata kayaki tatu na wateja sita, na mwenye boti anameza wivu wake. Halafu, kati ya Kisiwa cha Ndege na Kisiwa cha Mawe, pale pasipo na kitu cha kushikilia, wawili kati ya hao sita wanaanza kuzama taratibu, nyuma kwanza. Baada ya hapo hakuna atakayempa hata hiyo brashi.

"Tano," alisema.

"Nini tano?"

"Matumbo mazima ni matano. Hili linapumua. Andika kayaki mbili."

Mkaguzi alimwangalia kama mtu aliyeambiwa na muuza viatu kwamba viatu vina tundu. Akapiga goti tena, akapenga kamasi kwa vidole, akavipangusa kwenye suruali, akanusa polepole ukingo mzima. Alipofika upande wa kushoto akaruka.

"Ungenyamaza ningesaini."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa saini mbili, kabla hujanigusa na hiyo mikono."

Akasaini mbili. Kwa vidole vyake vile vile akaacha kwenye kona ya kibali alama yenye kung'aa, na kibali kile ilikuwa lazima kibandikwe mlangoni miezi sita. Bibi Kinyaa alikipokea kwa ncha za kucha mbili, akaenda nacho mpaka ofisini mkono umenyooka mbele.

Akampigia simu muuguzi mkuu. Hakuzunguka. "Nafasi zimebaki nne, mama. Kayaki moja ina kasoro, siwezi kuitoa. Sita hawaendi."

Bibi Kinyaa akaiona akilini boti ya injini ikijaa wateja wake.

"Nne?" alisema muuguzi mkuu, akashusha sauti. "Kwani lazima mimi niende? Maji nayaogopa dada yangu, nilishindwa kuwaambia, mimi ndiye nimeanzisha. Nitabaki ufukweni nilinde viatu."

"Bado mmoja."

"Mfamasia. Anatafuna vitunguu swaumu vibichi, asema ni dawa ya presha. Hakuna aliyetaka kukaa naye chombo kimoja."

"Abaki," alisema Bibi Kinyaa, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo alihisi kwamba kuna mwenzake duniani.

Zilibaki siku moja na kidogo. Shemeji alichimba shimo mbali, akayazika matumbo yote, akarudi na uso wa kuomba samahani. Wakaleta ndoo za maji moto na ile sabuni ya kipande. Nje ya kayaki kulisafishika kwa dakika chache. Ndani, ule utelezi ulikuwa umeteremka mpaka kwenye ncha, ambako brashi yenye mpini mrefu iliusambaza tu. Ilibidi mtu aingie, kichwa na bega, na kitambaa mkononi. Shemeji alijaribu kwenye ile nyekundu. Mabega yakakwama kwenye mdomo wa tumbo la kayaki, akabaki anarusha miguu mpaka akavutwa kwa mkanda.

"Sipiti, shemeji. Labda tumwite mtu mwembamba."

"Na yeye aoshe kama mimi?"

Shemeji alijua, na ufukwe mzima ulijua, kwamba hakuna mtu wa namna hiyo.

Bibi Kinyaa alifunga nywele kwa mfuko wa plastiki. Akaulizia kisiwa cha kwanza kiko upande gani wa upepo leo, kwa vile tu alitaka kusema jambo lingine kabla ya kuingia. Akavuta pumzi ndefu ya hewa ya ziwa, akaibana, akaingiza kichwa.