Kisu Kwenye Meno

Sokoni walimwita Mama Chapuchapu, na jina lilimkaa. Ulimkabidhi kuku mzima anayepiga kelele, na kabla hujamaliza kumsimulia habari za nyumbani kwako alikurudishia amenyonyolewa, amepasuliwa, firigisi na maini kwenye kifuko chake. Miaka ishirini na miwili alisimama kwenye meza ile ile ya saruji, nyuma kabisa ya ukumbi wa soko, kati ya bomba la maji na muuza mayai. Na nyama ya kuku yeye mwenyewe hakuila. Wateja wakimtania, aliwajibu, "Wewe ungevuta matumbo yao kutwa nzima, jioni ungetamani mchuzi wao?" Kwake palipikwa maharage, na aliyetaka nyama akale kwa jirani.

Siri ya kasi yake ilikuwa kisu. Meza ya kuku hulowa kutwa. Kisu ukikilaza hapo kinateleza, kinaanguka sakafuni, unainama, unakiosha, na mteja anaanza kutazama meza ya jirani. Kwa hiyo akishapasua, Mama Chapuchapu alikibana kisu kwenye meno, makali yakitazama nje, mikono yote miwili ikabaki huru kuingia ndani ya kuku. Shangazi yake ndiye aliyemfundisha, na yeye akamfundisha binti yake wa pekee, mwanamke mzima sasa, waliyefanya naye kazi bega kwa bega. Watu walisimama kumtazama. Naye, tuseme ukweli, alipenda kutazamwa.

Msimu mmoja wa joto tumbo lilimchafuka. Akaharisha siku nne, mara nyingine na damu, akanywa maji ya chumvi na sukari, siku ya tano akarudi mezani. Nani hajawahi kuharisha? Wiki mbili baadaye, asubuhi ya Jumanne, vidole vya miguu vikamfa ganzi. Akavilaumu viatu vya mpira, akavaa vya binti yake. Jumatano ganzi ikapanda hadi magotini. Alhamisi kisu kikamponyoka mkononi mara tatu, na muuza mayai akacheka, "Leo Chapuchapu amekuwa Polepole!" Ijumaa alitaka kuinuka kitandani, miguu ikakataa.

Hospitalini daktari, mwanamke kijana mwenye miwani, alimgonga magoti kwa kinyundo. Hayakushtuka hata kidogo.

"Mama, wiki chache zilizopita uliumwa tumbo?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Siku nne, daktari," binti yake alidakia. "Choo kilikuwa chake peke yake, sisi wengine tulipiga hodi mpaka tukakata tamaa."

Mama Chapuchapu alimkata jicho. Daktari hakucheka. Alivuta kiti akaketi, jambo ambalo mgonjwa hakulipenda, maana daktari akiketi ujue kuna maneno.

"Kuna bakteria wanaoishi kwenye matumbo ya kuku," alisema. "Kuku mara nyingi hawamsumbui. Wakiingia kwa binadamu, mwili unatoa askari wa kupambana nao. Shida ni kwamba koti la bakteria hao linafanana na vitu vilivyo kwenye mishipa yako ya fahamu. Askari wako wamewamaliza bakteria, sasa wakikutana na mishipa wanadhani ni adui yule yule."

"Kwa hiyo napigwa na askari wangu mwenyewe."

"Ndiyo, mama."

"Na wanaoharisha wote hupatwa na haya?"

"Wengi wanapona wanaendelea na maisha. Haya humpata mmoja katika maelfu, na kwa nini awe huyu na si yule, hatujui vizuri."

"Lakini kuku mimi sili! Na mikono naosha kwa sabuni, uliza soko zima."

Daktari alimtazama mikono. Kweli, kucha zilikuwa safi kuliko za baadhi ya wauguzi. "Basi sijui walipitia wapi," alisema, na swali likabaki hapo.

Ganzi haikungoja jibu. Ilipanda mapajani, ikashika mikono, ikalegeza upande mmoja wa midomo mpaka chai ikawa inamchuruzika kidevuni. Waliogopa ingefika kwenye misuli ya kupumulia. Kila baada ya saa chache muuguzi alimwambia avute pumzi moja na kuhesabu kwa sauti mpaka iishe.

"Kuku mmoja, kuku wawili, kuku watatu..."

"Mama, hesabu namba tupu. Hao kuku wanakumalizia pumzi."

"Bila kuku sijui kuhesabu."

Siku ya kwanza alifika kuku kumi na watano. Siku ya pili kumi na wawili. Siku ya tatu kumi na mmoja, na muuguzi akasema kwa upole kwamba wakishuka chini ya kumi atapelekwa kwenye mashine ya kupumulia. Dawa ilikuwa inaingia kwa dripu, siku tano mfululizo, ya kuwatuliza wale askari. Yeye alilala akitazama dari. Kufa hakukumtisha sana. Kilichomtisha ni kubaki hivyo, kugeuzwa kitandani kama godoro linaloanikwa, na binti yake amzungukie maisha yake yote. Akaapa kimoyomoyo kwamba atarudi kwenye meza yake kwa miguu yake mwenyewe, bila kushikwa na mtu. Kesho yake akafika kuku kumi na mmoja tena. Kesho kutwa kumi na mmoja. Siku iliyofuata, uso umemwiva kwa kujikaza, akafika kumi na watatu, na muuguzi akapiga makofi.

Kupona hakukuwa na haraka yoyote. Mtaalamu wa mazoezi, mwanamume mpole mwenye mikono mizito, alimfundisha kukaa upya, kusimama upya, kushika kijiko upya. "Mishipa inaota taratibu, mama. Haiburuzwi."

"Mimi naitwa Chapuchapu."

"Kwa sasa tutakuita jina lingine."

Alilia siku hiyo, hasira tupu, kisha akafuta machozi kwa kiganja kisichokunjika na kuomba arudie zoezi. Nyumbani alibana na kubandua vibanio vya nguo kwenye kamba, mia asubuhi na mia jioni, mpaka vidole vikaanza kumsikia. Akatoka kwenye kiti cha magurudumu akaenda kwenye fremu ya kutembelea, akatoka kwenye fremu akaenda kwenye fimbo. Binti ndiye aliyeshika meza, na kila jioni alileta habari njema: wateja wapo, wanakusalimu, wanasema nimekuwa wewe mtupu. Mama alifurahi kusikia hivyo.

Mwezi wa saba tangu augue aliomba apelekwe sokoni, akatazame tu. Muuza mayai alimwekea kiti karibu na mlango, akamwambia atulie, meza haikimbii, akaenda kumtafutia chai. Kutoka pale hadi mezani palikuwa na mwendo wa ukumbi mzima, sakafu imelowa. Wateja watano walikuwa wanasubiri. Binti alipasua kuku kwa mkato mmoja, safi kabisa, na moyo wa mama ukajaa.

Kisha binti akainua kisu, kingali na damu na maji ya matumbo, akakibana kwenye meno.

Swali la daktari likajibiwa hapo hapo. Mama alijiona mwenyewe, miaka ishirini na miwili, akitabasamu na kile chuma mdomoni. Mmoja katika maelfu! Na maelfu mangapi yalishapita kwenye meno ya mwanangu? Mimi ndiye niliyemwekea, kwa mkono wangu, nikamsifu. Aliogopa kuliko alivyoogopa hospitalini. Akaita. Sauti haikutoka vizuri, midomo bado ilikuwa mizito, na kelele za kuku zikaimeza.

Akainuka. Kuku mmoja. Kuku wawili. Goti la kulia lilitetemeka, akalikazia. Kwa kuku wa tisa aliteleza, akashika bega la mteja asiyemjua, akaliachia. Kuku wa kumi na tatu akapita. Wa ishirini akapita. Watu wakaanza kumpisha.

Binti aliinua macho akamwona amesimama mbele yake. Mama alinyoosha mkono, akashika mpini, akakitoa kile kisu kwenye meno ya mwanawe.

"Mama! Umetembea! Fimbo iko wapi?"

Fimbo ilikuwa kitini, na muuza mayai alikuwa kasimama kando yake, kikombe mkononi, ameduwaa.

"Nenda bombani kasukutue," mama alisema. "Tutashangilia baadaye."

"Lakini mama..."

"Nenda, mwanangu. Ugonjwa wangu ulipitia hapa."

Miguu ilikuwa inamtetemeka vibaya. Aliegemea meza kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akakikaza kisu, vidole vyote vitano, mpaka alipomsikia binti yake anatema maji.