Boti ya Chuma Iliyoitwa Vestine

Nikisikia harufu ya rangi ya mafuta, miguu yangu inataka kushuka ziwani. Juzi jirani alikuwa anapaka geti lake, nami nikasimama njiani na mfuko wangu wa viazi vya Mudende, machozi yananilenga, mtu mzima mimi! Cheka tu, msomaji.

Nilikuwa na miaka saba. Baba alikuwa fundi wa injini hapa Gisenyi, na boti aliyoitengeneza ilikuwa imemzidi umri. Kwanza ilikuwa ya wanajeshi, ikilinda ziwa. Mbele yalibaki matundu manne ya bolti, pale ilipofungwa bunduki kubwa, na sisi watoto tulishindana kuingiza vidole. Baadaye ikabeba kreti za bia mpaka Kibuye. Halafu ikachoka, ikalala majanini, kuku wa watu wakataga ndani. Mfanyabiashara mmoja wa maharage akainunua, baba akaifufua. Ilikosa jina tu.

Kwetu watoto ndio humtafutia mtoto mchanga jina. Mnazunguka ungo, mnakula maharage, kisha kila mmoja anataja jina analopenda na wazazi wanachagua. Yule tajiri, kwa mzaha, akasema boti nayo ifanyiwe hivyo hivyo. Basi mama akapika, ungo ukawekwa mchangani, tukala mpaka tukalamba vidole. Mmoja akataja Simba. Mjanja mwingine akataja jina la tajiri mwenyewe, apewe soda. Zamu yangu ikafika.

"Vestine," nikasema.

Vestine alikuwa dada yangu mkubwa. Mwaka uliotangulia aliondoka na dereva mmoja bila kuaga, akaenda kuishi Bukavu, mwisho mwingine wa ziwa, na tangu siku ile mama alikataza jina lake lisitajwe nyumbani. Mimi nililala naye kitanda kimoja tangu niachishwe ziwa. Nilimkumbuka kila usiku.

"We mutoto, nani amekutuma?" mama akauliza.

"Hakuna mutu, mama. Mi nilitaka kulisikia tu."

Baba hakungoja. Alichovya brashi, akaandika VESTINE kwa herufi nyeupe zilizopinda, chini ya yale matundu. Mama akabeba ungo wake, akapanda nyumbani bila kugeuka. Nikajua leo nachapwa. Sikuchapwa.

Gati zima liliiita boti Vestine kutwa, nami nilishinda pale nikisikiliza. Mama peke yake alisema "ile chuma ya baba yenu". Boti ilipokufa kabisa, ikakatwa ikauzwa kama chuma chakavu, baba alirudi na kile kipande chenye jina. Mama alikipokea, akakisukuma nyuma ya kitanda chake, na sikukiona tena. Nilimchukia, nakwambieni kweli.

Kila mwaka, Noeli ikikaribia, chumba cha mama kilinuka rangi. Tulidhani anapaka dirisha.

Vestine alirudi siku tuliyomzika mama, siku chache kabla ya Noeli. Kesho yake tulisogeza kitanda pamoja, na chuma kile kikaanguka miguuni petu. Kilikuwa kimeliwa na kutu pande zote, lakini herufi zilikuwa nyeupe pee, rangi juu ya rangi, nene kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Pembeni palikuwa na kopo na brashi ndogo.

Dada akagusa herufi ya kwanza kwa kidole.

"Bon," akasema. "Mi nilikuwa nangoja aniite."

Kidole chake kilitoka na weupe. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri.