Tulivyoiombea Ramani ya Kijani

Chumba cha mama yangu kilikuwa kimefika kwenye msingi. Fundi alikuwa ameshapanga mawe na kumwaga zege, na asubuhi iliyofuata alikuwa aanze kuinua ukuta. Asubuhi hiyo wakaja maafisa wawili wa kaunti na kopo la rangi. Wakachora alama nyekundu juu ya mawe yangu, wakamwambia fundi akusanye vifaa vyake. Nikawauliza kuna nini. Mmoja akanijibu kwa adabu kabisa, "Mama, hapa ni njia ya ndovu. Haparuhusiwi kujengwa kitu cha kudumu."

Nilicheka. Nilidhani wamekosea kiwanja. Sisemi Voi hakuna ndovu. Mtu akikwambia anakaa Voi na hajawahi kuona ndovu, huyo anakaa Voi ya kwenye simu. Lakini ndovu wetu hupita ng'ambo, upande wa pili wa tuta la reli, na tangu tuhamie hapa hawajawahi kuja kunywa maji mlangoni kwangu. Nikamwambia hivyo. Akanionyesha kwenye simu yake ramani yenye rangi, akaweka kidole mahali petu, na mahali petu palikuwa kijani. Hapo ndipo kicheko kiliponikauka mdomoni, kwa sababu ile kijani nilikuwa naijua. Tuliipigia makofi.

Nieleze kwanza tulifikaje hapa. Mume wangu ni mtu wa Chawia, juu mlimani. Shamba la baba yake ni vipande vya matuta vilivyong'ang'ania mlima, na ndugu walipokuwa wengi, kila mmoja alibaki na kipande cha kupanda mistari michache ya mahindi. Yeye alikuwa karani wa ghala kwenye shamba la mkonge huku chini, ana mshahara, kwa hiyo alipostaafu tukanunua kiwanja nje ya mji wa Voi. Fungu lake la mlimani akawaachia wadogo zake mbele ya ukoo wote. Watu wakasema amefanya jambo la kiungwana, na kweli alifanya. Ila mtu akishaachia fungu mbele ya ukoo harudi tena kulidai. Wadogo zake wameshajenga pale. Mlimani hatuna pa kurudi.

Mama yangu mimi nilimtoa Werugha, mlimani vilevile, baada ya mvua kuangusha ukuta wa nyumba yake. Magoti yake hayaiwezi tena baridi ya kule, na ukungu ule unaowapendeza wageni humwingia kifuani. Ndugu zangu wako Mombasa kwenye vyumba vya kupanga. Nikamwambia, "Mama, njoo kwangu, nitakujengea chumba chako." Akakubali kwa neno hilo moja, chumba chako. Nyumba yetu ina chumba kimoja cha kulala na sebule. Akawekwa sebuleni kwa muda, kitanda chake kati ya kochi na dirisha, pazia la kanga limefungwa kwa kamba.

Kwa mtu asiyejua, hilo ni jambo dogo. Kwa watu wa kwetu, mume wangu na mama mkwe wake kulala nyumba moja, ukuta mmoja, ni aibu isiyoelezeka. Heshima ya mkwe haina mchezo. Mume wangu alianza kupita mlango wa jikoni ili asimpite mama kitandani. Akikohoa usiku, anakohoa kwenye mto. Akitaka kwenda msalani anakaa kwanza kitandani, anasikiliza kama mama amelala. Na mama naye anaoga kwenye beseni nyuma ya pazia huku mimi nimeushikilia mlango. Hawasemezani uso kwa uso. Mama akiwa na neno husema, "Mwambie mkwe wangu," na mume wangu yuko hatua tatu kutoka hapo, anasikia kila kitu, na bado namwambia. Kwa hiyo nikisema chumba, sisemi chumba cha kujivunia. Nasema watu wawili wazima wapate kupumua.

Sasa, ile kijani. Kaunti ilikuwa imeitisha mkutano wa wananchi kuhusu mpango wa matumizi ya ardhi. Tulienda wengi, wauza mboga wenzangu na watu wa kanisani. Wakatandika kitambaa cheupe ukutani, wakawasha mashine, ramani ikatokea. Afisa wa mipango, dada mmoja mpole, akaongea Kiingereza kingi na Kiswahili kidogo. Mji ulikuwa na rangi ya kahawia. Viwanda vilikuwa zambarau. Barabara nyekundu. Halafu upande wetu wote ukawa kijani, kijani safi iliyokolea.

Wengi wetu tumetoka mlimani. Sisi kijani tunaijua ni nini. Ni kabeji, ni majani ya ng'ombe, ni mvua imenyesha. Tulipoona serikali imetupaka kijani, tukaona tumebarikiwa, hawatatuletea viwanda, watatuachia mashamba yetu. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, kwa nguvu. Yule dada akatabasamu akaendelea na picha nyingine. Hakuna aliyeuliza kijani ni nini, kwani nani huuliza kijani ni nini?

Mkutano wa kwetu haufungwi bila maombi. Wakamwomba mume wangu, kwa kuwa ni mzee wa kanisa na anajulikana kwa kuomba. Sisemi hivi kwa sababu ni wangu: mtu huyu alikuwa na karama. Haombi kwa kelele. Anachukua kila jambo lililosemwa mkutanoni, moja baada ya jingine, na kulikabidhi. Siku hiyo akaukabidhi mji, akaikabidhi barabara, akafika kwetu akasema, "Na kijani hii uliyotupa, Bwana, isiondolewe na mtu yeyote." Ukumbi mzima ukaitika amina. Maafisa nao wakaitika amina.

Basi alama nyekundu ilipochorwa, nilijua la kufanya. Kulikuwa na muda wa kuweka pingamizi kabla kamati ya mipango haijaupitisha mpango. Hati ya kiwanja ina jina la mume wangu, kwa hiyo ni yeye wa kupinga. Nikamwambia twende. Akatoka kwenda kuwafungia kuku. Kesho yake nikamwambia tena. Akasema, "Nimeuombea."

"Uliombea usichokijua."

"Mungu alikuwa anakijua."

"Basi Mungu angekukohoza kidogo ukanyamaza."

Hakupenda hilo. Akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza watoto wa kipaimara, kwamba alisimama mbele ya watu akaomba jambo lile lisiondolewe, watu wakasema amina, na sasa aende mbele ya watu walewale kuomba liondolewe. Atakuwa mtu wa namna gani? Alikuwa ameshaliachia fungu lake la mlimani kwa neno la mdomo na hakurudi nyuma. Kwake maombi ni zaidi ya hapo.

Nilikasirika, na nikikasirika mimi huwa sifichi. Nilisukuma sufuria. Nilimwambia anayahurumia maneno yake kuliko anavyomhurumia mama yangu. Hiyo ilisemwa sebuleni, pazia liko pale, mama yuko nyuma yake. Mama akakohoa, akasema kwa sauti ya chini, "Mwambie mkwe wangu asigombane kwa ajili yangu. Mimi nimelala vizuri." Uongo mtupu. Nilikuwa nikimsikia akigeuka usiku kucha.

Nilijaribu milango mingine, usidhani nilikaa. Nikauliza kama tunaweza kuuza tuhamie kwingine. Dalali alikuja, akaiangalia alama nyekundu, akaangalia saa, akakumbuka ana miadi. Nikauliza kama naweza kujenga cha mabati tu, bila jiwe. Wakasema kisicho cha kudumu ni hema. Mama yangu, na umri huu aliofikia, serikali inaniambia nimtandikie hema nje, kwenye njia ya ndovu. Nikauliza kama naweza kuweka ua. Ua hauruhusiwi, ndovu atapitaje. Ikawa kila nikigeuka nakutana na ndovu ambaye sijamwona.

Kilichombadilisha mume wangu si maneno yangu. Asubuhi moja alisahau kukohoa mlangoni kama hodi, akaingia sebuleni mbele ya wakati, na mimi nilikuwa namvisha mama. Aligeuka haraka akatoka nje. Mama akajifunika uso kwa kanga, akabaki hivyo mpaka chai ikapoa. Jioni mume wangu akaniambia nimtolee koti. Kesho yake tulikwenda kuweka pingamizi.

Siku ya kusikilizwa tuliketi kwenye benchi pamoja na majirani. Kamati ilikaa mezani, yule dada wa ramani akiwa pembeni. Mwenyekiti alikuwa mtu wa maneno laini, anayemwita kila mtu mzee wangu na mama yangu. Akasema tuanze kwa maombi. Akamwona mume wangu, uso wake ukachangamka. "Tena tuna bahati, mzee wetu yupo. Ndiye aliyetuombea mpango huu. Karibu, mzee."

Mume wangu akasimama. Nikaona mikono yake imeshika ukingo wa benchi la mbele. Akasema, "Leo sitaomba."

Hapa kwetu mtu anaweza kukataa chai, anaweza kukataa cheo. Kukataa kuomba, na ni mzee wa kanisa, sijawahi kusikia. Mwenyekiti akadhani ni unyenyekevu, akamhimiza. Mume wangu akasema, "Nimekuja kukataa. Nikiomba nitashukuru, na leo sina shukrani." Akaketi. Nilitaka kumshika mkono, nikaogopa.

Mmoja wa kamati akaomba badala yake, akamshukuru Mungu kwa wataalamu. Kisha tukasikilizwa. Hilo siwezi kulikanusha, tulisikilizwa kuliko nilivyowahi kusikilizwa maishani. Mume wangu akaeleza yote, ya fungu la mlimani, ya chumba, hata ya mkwe, jambo ambalo mwanaume wa kwetu hasemi hadharani. Yule dada wa mipango aliinamisha kichwa. Mwenyekiti akamshukuru, akasema amesema kiungwana. Akaongeza, bila ubaya, "Lakini mzee wangu, wewe mwenyewe ulisema kijani hii isiondolewe na mtu yeyote. Sisi ni nani?" Wengine wakacheka kidogo, kile kicheko cha heshima.

Uamuzi ulitoka baadaye. Eneo linabaki lilivyo. Waliomo wataendelea kuishi, ila wasiongeze jengo. Hatufukuzwi. Natamani mara nyingine wangetufukuza, nikapata mtu wa kupigana naye. Wametuachia nyumba na wametunyima ukuta mmoja, na wamefanya hivyo kwa upole hata ukiwalaani unajiona huna adabu. Msingi bado uko pale nje na rangi yake. Maji ya mvua yakituama ndani yake, kuku wangu hunywa.

Kilichoniumiza zaidi kilikuja mezani. Jioni ya siku ya uamuzi niliandaa chakula, nikangoja aombe kama siku zote. Hakuomba. Akachukua kijiko. Kesho yake vivyo hivyo. Kanisani akawaambia wenzake koo linamsumbua. Nikamuuliza tukiwa chumbani, akanong'ona, kwa sababu ya ukuta, "Nikifumba macho namwona mwenyekiti."

Mama alivumilia mpaka ikatosha. Jumapili moja, chakula kiko mbele yetu, akafungua pazia akakaa kitandani, akamtazama mume wangu moja kwa moja. Hakusema mwambie mkwe wangu.

"Baba," akamwita, "una hasira."

Mume wangu akatazama sahani. Mama akaendelea polepole. Akasema zamani huko mlimani, kabla watu hawajabatizwa, mtu mwenye hasira hakuruhusiwa kubariki kitu, kwa kuwa baraka yake ingegeuka kuwa uchungu. Alichukua maji mdomoni, au pombe ya miwa, akayatema nje kwa nguvu, akasema hasira itoke moyoni, na ikitoka ndipo anabariki. Akasema hajui kama mchungaji angependa, lakini maji ni maji tu.

Akamnyooshea kikombe chake. Nilidhani atakataa, mzee wa kanisa. Akakipokea kwa mikono miwili, kama mkwe anavyopokea. Akajaza mdomo, akatoka kwa mlango wa mbele, akipita kando ya kitanda cha mama, mara yake ya kwanza. Kupitia dirishani tulimwona amesimama mbele ya msingi, mashavu yamevimba, mikono nyuma. Alisimama muda mrefu. Mama alikuwa ameshaviweka viganja vyake tayari kwa maombi.

Akarudi, akaketi. Mama akamuuliza, "Umetema?"

"Nimemeza," akasema.