Amana ya Mzee Bitaliho

Nakumbuka siku moja nilivyosimama mlangoni mwa sheikh wangu, Ujiji, nikanawa mikono mara ya nne, na harufu ya oili chafu haikutoka. Mwanangu, umeniuliza mbwa wako mwenye upele umpake nini. Kabla sijakujibu, nisikilize.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Asubuhi nilianika dagaa Kibirizi, jioni nilisoma dini kwa sheikh, na wenzangu walikwisha kuniita Mwalimu. Jina lile lilinivimbisha kichwa, Mungu anisamehe.

Jirani yangu alikuwa Mzee Bitaliho, Muha wa Kasulu, Mkristo, mjane. Alichoachiwa na mkewe ni mbwa mmoja, Bobi, ambaye marehemu alimlea kwa uji tangu hajafumbua macho. Siku moja ukaja ujumbe kwamba kaka yake Mzee amefariki, akajiandaa kwenda kuzika. Akaniletea Bobi na kamba yake.

"Yusufu, mwanangu, huyu ni amana. Upele umeanza mgongoni. Usimpake kitu. Mpeleke Mwandiga kwa bwana mifugo. Wengine wanajua ng'ombe tu, yule amesomea na mbwa."

Nikasema, "Inshallah, Mzee." Amana, mwanangu, nilikuwa nimeisoma kitabuni, nikaijibia maswali, nikasifiwa.

Kesho yake nikamfunga Bobi kamba tukaondoka. Hatukufika mbali. Pale kwenye kituo cha magari ya kwenda Mwandiga walikaa vijana wenzangu wa darasa.

"Mwalimu! Leo unamsomesha nani?"

"Muulizeni amefika juzuu ya ngapi!"

Mwingine akaruka pembeni, ameshika kanzu yake. "Usinisogelee, nina udhu mimi!"

Walicheka mpaka wachukuzi wa samaki wakageuka. Nami, badala ya kucheka nao na kuendelea na safari, nikageuza kamba nikarudi nyumbani. Hatua zile za kurudi ndizo zilizoua. Oili ilikuja baadaye.

Fundi wa injini za boti aliniona nimenuna. Akaniambia, "Mwandiga ya nini? Chukua oili hii chafu niliyoitoa kwenye injini, mpake mwili mzima. Upele wote unakufa." Hakuwa mtu mbaya. Pwani ile ya ziwa kila mtu alifanya hivyo, na wengi bado wanafanya. Jirani mwingine, mama mmoja mjuzi wa mitishamba, akaniita: "Usifanye hivyo. Mimi namwosha kwa majani ya mwarobaini, lakini kwanza bwana mifugo amtazame, maana upele si mmoja." Sikumsikiliza. Nilitaka dawa isiyonilazimu kuonekana njiani. Wala sikutaka kumgusa mbwa, nikaifunga brashi kwenye fimbo ndefu nikampaka kwa mbali, kama mtu anayepaka boti lami. Bobi alisimama tu, akaniachia.

Mbwa hujilamba. Hilo sikulifikiri. Jioni alitapika. Kesho yake akatetemeka, miguu ikamkataa. Siku ya tatu nilimpakia kwenye mkokoteni, nikausukuma kupita mbele ya vijana walewale, na hakuna aliyecheka.

Bwana mifugo alimfunua macho, akamnusa manyoya.

"Upele huu ningeutibu," akasema. "Oili hii ameila, tena imemwingia na kwenye ngozi. Umechelewa, kijana."

Alijaribu alichoweza. Bobi alikufa adhuhuri, kichwa chake mapajani mwangu. Siku hiyo ndipo nilipomgusa.

Nikaenda kwa sheikh. Niliuliza nijitoharishe vipi, kana kwamba hilo ndilo lililonileta. Alisikiliza kisa chote, kisha akasema, "Mate ya mbwa yana maji na udongo wa kuyaosha, nawe utatakasika. Amana uliyoiua kwa kuogopa kuchekwa, utaiosha kwa ziwa lipi?" Ziwa nalitazama kila siku, na swali lile bado ninalo.

Mzee Bitaliho alirudi na mfuko wa maharage, zawadi yangu. Alisimama mlangoni akapiga mluzi wa kumwita Bobi. Nikamweleza yote, hata kicheko, hata fimbo. Akauliza jambo moja tu.

"Alipokuwa anakufa, ulimshika?"

"Nilimshika, Mzee."

"Haya."

Akaniachia maharage akaenda zake. Tuliishi jirani miaka mingi baada ya hapo. Kila asubuhi alinisalimu "Mwakeye" kwa Kiha, kwa upole uleule. Lakini hakuniachia tena kitu chake kukitunza, hata ufunguo, hata kuku, mpaka alipozikwa. Alinisamehe, mwanangu, ila hakuniamini tena.

Sasa nakujibu. Mnyama wako akiugua, usimpake wala kumnywesha cha kubahatisha, si oili, si dawa ya kuogeshea ng'ombe, si vidonge vyako wewe. Paka hasa huuawa na kidonge kinachokuponya wewe kichwa. Muulize bwana mifugo, na akisema hili limemzidi, mwombe akuelekeze kwa aliyesomea zaidi, hata kama ni mbali. Mwenye mitishamba usimdharau, ila majani yake yafuate uchunguzi, na bwana mifugo ajue unachotumia. Nenda upele ukiwa mdogo, maana mdharau mwiba mguu huota tende. Watakaokucheka njiani waache wacheke. Watachoka na kwenda kula, nawe utabaki na ulichokifanya.

Namshukuru Mola kwa umri alionipa wa kujuta na kufundisha. Akupe wewe mkono usioona kinyaa kwa kiumbe chake, na miguu isiyogeuka nyuma kwa kicheko cha watu. Na yeyote atakayekuachia amana akirudi na kupiga mluzi mlangoni, Mungu ajaalie aitikiwe. Amina.