Kondo la Benedeta

Awor, fundi wa maabara mjini Tororo, alifungua friji kubwa Jumatatu asubuhi akakuta maji sakafuni. Umeme ulikuwa umekatika tangu wikendi, na jenereta halikuwaka. Kondo la nyuma la Benedeta, lililogandishwa humo, lilikuwa limeanza kuyeyuka.

Benedeta, mkulima wa Lumino, alikuwa amezaa mtoto mfu kwa mara ya tatu miezi kadhaa iliyopita. Awor mwenyewe ndiye aliyemwomba hilo kondo. “Seli hutoa vifuko vidogo mno vyenye habari ndani,” alimweleza siku hiyo. “Tukivipata, huenda tukajua kwa nini watoto wako hawaishi.”

“Hatuwezi kuligandisha tena,” alisema Okochi, mkuu wa maabara. “Seli zitapasuka.”

“Basi nitalishughulikia sasa hivi.”

“Bila umeme?”

Awor alikimbia sokoni kwa Akiteng, muuza samaki wa Majanji, akamsihi hadi akapewa nusu ya barafu yake. Juu ya barafu hiyo alilikata kondo vipande vidogo kama punje za mchele, akavitia dawa ya kulegeza nyama ili vifuko vitoke. Mashine ya kuzungusha, ambayo hutupa seli chini na kuacha vifuko juu, ilikuwa imezimika. Akachuja kwa mkono, chujio baada ya chujio. Kila moja liliziba. Maji yalikuwa yananata kama mlenda.

“Hizo ni seli zilizopasuka,” Okochi akasema taratibu. “Acha, Awor.”

Hakuacha. Alimimina maji machache yaliyopita kwenye mrija uliojazwa chembechembe, unaochuja bila umeme, akasimama akitazama tone baada ya tone.

Umeme uliporudi, walipima. Vifuko vilikuwepo, lakini vimezama kwenye takataka za seli. Hakuna aliyeweza kusema kipi ni kipi. Okochi akaiondoa sampuli hiyo kwenye utafiti.

Awor alikwenda Lumino mwenyewe. Benedeta alikuwa anapalilia mihogo.

“Mama, kondo limeharibika. Hatukupata kitu. Nisamehe.”

Benedeta akaegemea jembe. “Yote?”

“Yote.”

“Mama mkwe alitaka tuizike hapa nyumbani. Mimi nilimkatalia, musawo. Nilisema nyinyi madaktari mtanipatia jibu.” Akashika tumbo. “Sasa hii ingine nitaibebaje?”

Awor hakuwa amejua kwamba Benedeta ni mjamzito tena. Akaketi palepale kwenye udongo.

Benedeta akageuka, akaendelea kupalilia.