Kipande cha Shukuru

Basi bwana, ukimtafuta Pius pale Mtaa wa Narung'ombe, usimtafute kwenye kiti. Kiti anacho, cha plastiki, kizuri tu, ila kazi yake ni kubeba mabegi ya shule anayouza. Mwenyewe yuko wima. Anapanga begi lililokwisha pangwa, anachungulia mtaani, anarudi, analipanga tena. Mkewe Benedikta alishanyoosha mikono. "Wewe hata usingizini miguu inatembea," humwambia. "Utafikiri kuna mtu kakuibia, unamkimbiza."

Na mtu wa namna hiyo, jamani, ndiye aliyejitwisha kazi ya kuwafundisha wenzake kutulia! Pius ni kocha wa Narung'ombe Stars, timu ya machinga na wasukuma mikokoteni, wanaofanya mazoezi na kucheza mechi Jangwani kila Jumapili. Mabeki wake walikuwa na ugonjwa mmoja. Beki aliyezoea kumfuata mteja mpaka anunue, uwanjani naye humfuata straika vivyo hivyo. Straika akienda kulia, wote watatu kulia. Golini anabaki Adamu, kipa, na Mungu wake.

Pius akaja na kukaba kwa maeneo. Alimwaga chokaa chini, akaugawa uwanja vipande, akamsimamisha kila beki kwenye chake. "Mtu akiingia kipande chako, wako. Akitoka, mwache. Mwenzako atampokea."

"Na mwenzangu akizubaa?" aliuliza Bakili, beki wa kati, kijana mrefu anayeuza soksi pale pale mtaani.

"Hazubai. Mwamini."

"Kocha, hiyo noma."

"Bakili, ukienda kuswali Ijumaa, meza yako unaibeba kichwani?"

"Namwachia jirani aniangalizie."

"Katikati ya swala unatoka kuja kuchungulia?"

Wakacheka sana, hata Bakili mwenyewe. Lakini somo liliingia. Mechi tatu mfululizo hawakufungwa, wakajikuta nusu fainali ya kombe la mitaa, dhidi ya vijana wa Magomeni.

Sasa hapo ndipo Pius alipoanza kukosa amani kabisa. Beki wake wa kushoto na nahodha alikuwa Shukuru, msukuma mkokoteni, rafiki yake tangu walipoianzisha timu wawili, wakachangishana mpira wa kwanza. Goti la Shukuru lilikuwa limechoka. Kila mtu aliliona, na hakuna aliyelisema, Pius wa kwanza. Amwambie vipi? Kila alipojaribu, ulimi ulimganda, akaishia kuuliza habari za watoto.

Siku ya mechi akaja mzee mmoja anaitwa Jovin, anayeitafutia wachezaji timu moja ya daraja la kwanza ya mkoani. Alikuwa amemfuata Bakili. Akakaa nyuma ya benchi na mwavuli wake. Bakili alijua, na mama yake alijua, maana tangu asubuhi alishawatangazia majirani.

Kipindi cha kwanza winga wa Magomeni alimpita Shukuru mara tatu. Bahati tu hakufunga. Pius alizunguka pale pembeni mpaka nyasi zikalala. Mapumziko yalipofika, akamvuta Bakili kando.

"Huyu winga akija tena upande wa Shukuru, toka kati, kamsaidie."

"Na kati nimwachie nani?"

"Fanya nilivyokwambia. Na usimwambie Shukuru."

Bakili akarudi uwanjani.

Zikiwa zimebaki dakika chache, winga akaja. Safari hii Shukuru alikuwa amekaa sawasawa. Kamfungia njia ya ndani, anamsukumia kwenye mstari. Mara Bakili huyo, mbio! Winga akaona kati kweupe, akarudisha mpira kati, straika akaukuta peke yake. Goli. Refa hakukawia kupuliza filimbi ya mwisho.

Weee! Bakili alishambuliwa kwa maneno utafikiri mwizi. Adamu alipiga teke chupa ya maji. Aliyeuma zaidi alikuwa Shukuru. "Nilikuwa nimeshamfunga! Nani alikuita kwangu? Miezi yote tunafundishwa, wewe husikii?"

Bakili alimtazama Pius mara moja tu, kisha akainama kuvua viatu.

Mzee Jovin akafunga mwavuli. "Kijana mwili anao," alisema, "ila beki wa kati anayekimbilia mpira kama mtoto wa chekechea, nimpeleke wapi?" Akaanza kuondoka.

Pius alimtazama mzee anavyokwenda. Akinyamaza, kijana wa watu ndiyo basi tena. Akisema, Shukuru atasikia, mbele ya timu nzima. Alipiga hatua kwenda kwa mzee, akarudi, akaenda tena. Aliona aibu, aliona hofu, na zaidi alijichukia.

"Mzee, subiri!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mimi ndiye niliyemtuma. Nilimwambia atoke kati akamsaidie Shukuru, na nikamkataza asiseme."

Mzee Jovin akamgeukia Bakili. "Kweli?" Bakili akaitikia kwa kichwa, bado kainama. "Na ulikaa kimya wakati wanakutukana?"

"Kocha ni kocha, mzee."

"Nipe namba yako."

Hilo likawa limekwisha. Lakini Shukuru alikuwa bado amesimama, kitambaa cha unahodha mkononi, anamtazama Pius kama anamwona mara ya kwanza.

"Ukamtuma mtoto anichunge," alisema taratibu.

"Shukuru, ndugu yangu..."

"Ungeniambia nitoke, ningetoka. Ningekaa benchi nikapiga makofi. Mimi na wewe tumetoka wapi, Pius? Unamwambia kila mtu amwamini mwenzake, halafu mimi unanizunguka?"

Wachezaji walianza kukusanya vitu vyao huku wakijifanya hawasikii. Shukuru alivaa ndala, akajifunga fulana kiunoni. Alikuwa anachechemea waziwazi sasa, hana haja tena ya kuficha.

"Jumapili utakuja?" Pius aliuliza.

"Nitakuja. Ila siku yoyote ukiwa na neno juu yangu, uniletee mimi, usoni."

Pius angeweza kusema sawa, wakapeana mkono, wakaenda nyumbani. Ulimi ulikuwa tayari unaelekea kwenye habari za watoto. Akamsogelea rafiki yake mpaka wakawa uso kwa uso.

"Basi ninalo sasa hivi," alisema. "Lile goli hukukosea, ulikaa vizuri kuliko wote. Lakini goti limekwisha, Shukuru. Jumapili hutaanza. Wala Jumapili nyingine."

Shukuru alitazama upande wa barabarani. Macho yalikuwa yamelowa na hakuyafuta.

"Haya," alisema mwishowe. "Umeona? Sijafa."

Akamwekea Pius mkono begani, kwa uzito, maana alihitaji pa kuegemea, wakaondoka pamoja polepole kwa mwendo wa lile goti.