Aliyebonyeza Mara Moja

Bi Taa alikuwa opereta wa ubao wa simu, enzi ambazo mtu akiinua simu husikia kwanza sauti ya binadamu mwenzake. Nilifanya naye kazi, kiti changu kando ya chake, na uzeeni tukawa majirani wa ukuta mmoja. Hakuwa mpole wa ulimi. Ila taa ikiwaka kwenye ubao wake, haikuzimika bila kujibiwa, na jina lake lilitoka hapo.

Ubao wenyewe ulikuwa na matundu kama sega la nyuki, kila tundu na taa yake. Opereta mzembe aling'ang'ania laini moja, akimsubiri mtu amalize kukohoa, huku taa za wengine zikiwaka bila jibu. Bi Taa aliutazama ubao mzima, akamjibu aliyewaka, akarudi kutazama. Kila asubuhi kabla ya kazi alipima laini zote, hata ya mkurugenzi. Na wateja wenye pupa aliwakaripia: "Ukishaita, umeita! Taa yako naiona. Ukigongagonga unanichelewesha kwa mwenye shida kuliko wewe."

Mwanawe alikulia chini ya ubao ule, akichezea vipande vya waya. Alisoma, tukaanza kumwita Injinia. Kampuni ikamwajiri atengeneze mtambo wa kuwasikiliza wazee wanaoishi peke yao. Kila mzee alipewa kitufe cha kuvaa shingoni na kisanduku cha kuweka rafuni, na visanduku vyote viliunganishwa kwa mtandao na kompyuta moja ofisini. Mzee akibonyeza, kengele inalia. Programu aliiandika kwa lugha ya C, akaja kunitambia.

"Mzee, nimemwibia mama ujanja wake. Programu yangu haikai kwenye soketi moja, yaani laini ya kisanduku kimoja, ikisubiri. Nina orodha ya soketi zote, na kila moja nimeiwekea alama mbili: niambie ikiwa na la kusema, na niambie ikiwa tayari kupokea. Naikabidhi kompyuta orodha, yenyewe inanionyesha nani kaamka. Namhudumia, narudi kuuliza tena."

"Na ambaye hukumwekea alama ya kusema?"

"Huyo hata apige mayowe, programu haiambiwi kitu." Akacheka. Sisi tuliokuwa na masikio ya nyama hatukuwa na alama ya namna hiyo.

Bi Taa alipopewa kisanduku chake, alifanya alichokifanya maisha yake yote. Kila asubuhi alibonyeza, kengele ikalia ofisini, binti wa zamu akauliza kwa wasiwasi kupitia kisanduku, "Bibi, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Napima laini."

Vijana wa ofisini wakapata mchezo. "Injinia, mama kapima! Anauliza kama umevaa fulana." "Injinia, umenawa miguu?" Alicheka nao mpaka ikasemwa kwamba wakubwa wanakuja kuchagua mkuu wa kitengo, na bosi wake akamwambia, "Nisisikie kengele ya mama yako mbele ya wageni."

Nilikuwa kwa Bi Taa, nakunywa chai, Injinia alipoingia bila hata kukaa.

"Mama, mtambo umebadilika. Hutajibiwa tena kwa sauti. Ukibonyeza, tazama kisanduku. Taa ikiwa ya kijani, umesikika."

"Kijani tu?"

"Kijani tu."

"Siku hizi hata salamu imekuwa rangi," mama yake akasema. "Haya, mwanangu. Ubao ni wako."

Taa ile haikuhusiana na kitufe hata kidogo. Iliwaka kwa sababu kompyuta ilikuwa ikituma neno kwenye kisanduku, mchana na usiku. Injinia alikuwa ameiondoa alama ya kwanza, ile ya kusema, kwenye laini ya mama yake na kuibakiza ya pili, ya kupokea. Ofisi iliweza kumsemesha; kumsikia, hapana. Wageni walikuja, wakaondoka, akapewa cheo. Alama hakuirudisha. "Palikuwa pametulia, mzee," aliniambia baadaye, kwenye korido ya hospitali, akijitazama viatu.

Bi Taa alianguka jikoni asubuhi akishusha sufuria, nyonga ikavunjika. Alibonyeza. Kutoka sakafuni aliiona taa, ya kijani, akalala kusubiri.

Ukuta wetu ni mwembamba. Nikikohoa upande wangu, yeye hunipa pole akiwa upande wake. Siku nzima nilikuwa nyumbani. Nilikohoa pia, na sikusikia pole, nikadhani kanuna. Aliyemkuta ni muuza maziwa, kesho yake, aliyegonga mlango mpaka akausukuma.

"Kwa nini hukuniita?" nilimwuliza hospitalini. Nilikuwa na hasira naye, Mungu anajua.

"Kaka, nilikuwa nimeshaita. Taa ilikuwa ya kijani. Sasa nigongegonge ukuta kama mteja asiye na adabu?"

Injinia akaingia, suti mpya, kadi ya cheo kifuani. Mama yake akamtazama kwa huruma, ndiyo, yeye aliyevunjika alimwonea huruma mzima.

"Ubao wako ulijaa siku ile, siyo?"

Nilimkazia Injinia macho. Alikuwa na nafasi ya kusema.

"Ndiyo, mama. Ulijaa."

"Nilijua. Nikajisemea, kuna wenye shida kuliko mimi." Akampapasa mkono. "Sasa unafanya nini hapa? Taa zinawaka huko. Nenda."

Akaenda.

Hali ilipombadilikia, muuguzi alimwuliza kama amwite mwanawe. Akakataa. "Ana laini nyingi," alisema, na hakuita tena mtu yeyote.